Muheza nalala usingizi, nikirudi jikoni Dar kifua kinapiga miluzi

Shikamoo Anti,

Mimi ni kijana wa miaka 31, nipo Dar, nina mke na mtoto mmoja na mwingine yuko njiani. Nafanya kazi kwenye mgahawa mmoja hivi Kinondoni, jina sitaji maana bosi wangu naye anashinda kwenye simu. Mimi ndo mchomaji, yaani kuku, mishkaki, samaki, vyote vinapita mkononi kwangu na nikimaliza naenda kusaidia upande wa chipsi. Mwaka wa nne huu, na sijisifu ila kuna wateja wanatoka mpaka Tabata kufuata kuku wangu.

Tatizo langu ni kifua. Ilianza kama mafua ya kawaida mwezi wa tatu, mafua yakaisha kikohozi kikabaki mpaka leo mwezi wa nane. Mchana nakohoa kawaida tu, shida ni usiku, nalala vizuri ikifika saa tisa nashtuka pumzi haiingii, kifua kinalia kama kuna kifaranga humo ndani, nakaa kitandani nimeegemea ukuta mpaka adhana. Ijumaa na Jumamosi ndo balaa maana order zinakuwa nyingi. Ofu yangu ni Jumanne lakini hata Jumanne sioni tofauti.

Jiko letu liko nyuma. Zamani lilikuwa na mlango mkubwa unatazama uani, bosi akajenga stoo pale sasa limebaki dirisha moja dogo juu ya sinki. Kuna majiko mawili makubwa ya mkaa, gesi nne na makarai mawili ya chipsi yanachemka toka saa sita mchana mpaka saa sita usiku. Ile ekzosti ya juu, feni ya kutolea moshi, ilikufa huo huo mwezi wa tatu, fundi akaja akasema mota imeungua, bosi akasema ataleta nyingine, mpaka leo. Alafu mlango wa kwenda ukumbini lazima ukae umefungwa mda wote kwa sababu kule kuna kiyoyozi na wateja hawataki kunuka moshi. Tupo watu sita humo ndani.

Nimeshakunywa dawa mpaka nimechoka. Duka la dawa walinipa amoksilini nikamaliza, wakanipa azuma nikamaliza, dawa ya kikohozi ya maji chupa tatu. Jamaa mmoja wa dispensari akanichoma sindano akasema inaitwa deksa, Anti nilipona wiki nzima kama muujiza, wiki ya pili ikarudi vilevile, nikarudi akanichoma tena.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Mwezi wa saba nilifiwa na babu nikaenda Muheza siku tisa. Siku ya tatu nikashangaa nimelala mpaka asubuhi, kwenye neti, kimya, hata mke wangu akanishika kuangalia kama napumua. Siku ya sita nimebeba mbao toka barabarani mpaka nyumbani bila kupumzika. Sikunywa dawa hata moja. Nikarudi kazini Jumatatu, Jumatano usiku kifaranga huyo hapo. Wengine wanasema nimetegewa kitu kazini na mtu anayetaka nafasi yangu, mimi sijui.

Kuna bi mkubwa anapika biriani hapo tangu mgahawa unafunguliwa, naye anakohoa kila asubuhi, yeye anasema mapafu yanazoea na tunywe maziwa, na kweli bosi maziwa hajawahi kukosa kutoa, kila mtu pakiti moja kila siku ya kuondoa moshi kifuani. Kuna siku mvua ilinyesha tukafunga dirisha maji yasiingie kwenye mafuta, dogo anayemenya viazi akaanza kulalamika kichwa, akatapika, tukamtoa akakaa nje nusu saa akawa mzima. Bosi akasema hajala huyo. Na Jumapili usiku tukifanya usafi mkubwa tunamwaga jiki pamoja na ile dawa ya chooni ya kutoa madoa, inang'oa mafuta sakafuni vizuri sana ila macho yanawaka tunakimbilia nje wote tunakohoa, mimi siku hiyo ndo silali kabisa.

Mke wangu anahofia TB na majirani nao washaanza maneno, chumba chenyewe kimoja, usiku tunachoma ile dawa ya mbu ya mviringo sababu mtaa wetu una mbu hatari, kwa hiyo nikikohoa nyumba nzima inasikia. Naogopa kupima, ikisomeka TB bosi hawezi kuniacha nishike chakula cha watu. Nilimkumbusha ile ekzosti akacheka, akasema mpishi anayelalamikia moshi ni kama mvuvi anayelalamikia maji, na vijana kumi wanasubiri nje. Mkataba sina, nalipwa kwa wiki.

Saivi rafiki yangu mwenye pumu ananiazima ile pampu yake ya bluu, nikivuta napata nafuu. Je hii ni pumu? Mtu anaanzaje pumu ukubwani, kwetu hakuna mwenye pumu? Niache kazi? Na nikiacha tutakula nini?

Mchomaji, Dar


Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa babu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama palepale, Muheza. Siku tisa bila kidonge ukalala, siku mbili za jiko ukarudi ulikotoka. Ukienda kwa daktari anza na hiyo stori, usianze na "nakohoa", maana ukisema unakohoa utapewa antibayotiki ya tatu uende zako. Mimi nimevaa sare ya uuguzi miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua na nakwambia kifua kinachoharibiwa na kazi kinajulikana hivyo hivyo, kinapata nafuu mtu akiwa mbali na kazi na kinabana akirudi. Wengi hawaoni kwa sababu ofu yenyewe ni siku moja, na mirija ya hewa ikishavimba Jumanne moja haiitulizi, mpaka mtu apate likizo ndefu au msiba ndo anashtuka. Wala usichanganyikiwe kwamba unabanwa saa tisa usiku uko kitandani na siyo ukiwa na koleo mkononi, kifua kinaweza kuvuta moshi mchana na jioni kikaja kujibu masaa mengi baadaye. Aliyekutegea kitu mimi simuoni hapo, namuona mota iliyoungua mwezi wa tatu na kikohozi kilichoanza mwezi wa tatu.

Ila subiri kidogo tusimhukumu bosi peke yake, maana Muheza uliacha vitu viwili. Uliacha jiko, na uliacha ile dawa ya mbu. Kule ulilala kwenye neti, umesema mwenyewe bila kujua umesema. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2003 wakapima koili hizo, wakakuta moja ikiungua mpaka mwisho inatoa chembe laini za moshi sawa na sigara 75 mpaka 137. Sasa chumba kimoja, dirisha limefungwa, mjamzito, mtoto, na wewe unayetoka kwenye moshi masaa kumi na mbili! Hiyo acha leo leo. Mkeo akienda kliniki neti ya mjamzito inatolewa bure, kama hajapewa aulize. Na ukiacha koili wiki mbili tatu, bado Ijumaa na Jumamosi zikakulaza umeegemea ukuta, basi hapo hatuna tena wa kumsingizia.

Kabla ya yote nenda kapime TB. Najua hukutaka kusikia hilo. Kikohozi cha wiki mbili tu kinatosha mtu kupimwa na wewe una miezi mitano, na kibaya zaidi umechomwa deksa mara mbili, dawa ambayo inashusha kinga na inaweza kumpa nafasi mdudu wa TB huku wewe unajiona umepona. Mimi kwa ulivyoeleza sidhani kama ni TB, TB haipoi siku tatu kwa sababu umepanda basi kwenda Muheza, lakini kudhani kwangu siyo kipimo. Makohozi yanasomwa kwa mashine ya GeneXpert kwa masaa kama mawili, foleni ya kituo ndo habari nyingine, na kipimo na dawa zote ni bure kwenye vituo vya serikali. Ikitokea ni TB ya kawaida dawa ni miezi sita na ukishaanza kuzinywa vizuri uwezo wa kuambukiza unashuka haraka. Bosi anaogopa ushike chakula? TB haiingii kwa kuku uliyemshika, inapita kwenye hewa, kwa hiyo kama unayo na ukaificha, watu watano mnaochangia dirisha moja ndo unaowapa, na nyumbani pia. Majirani waache, hao hata ungekuwa na chunusi wangeongea.

Sasa umeuliza mtu anaanzaje pumu ukubwani. Anaanza hivyo hivyo, hata kama kwao haipo. Mirija ya hewa ikichokozwa kila siku inafika mahali inakuwa kama kidonda, kitu kidogo tu inajikunja, na jikoni vya kuchokoza vimejaa. Mafuta ya kuku yakidondoka kwenye mkaa ule moshi mweupe unaopanda usoni ni chembe ndogo sana zinazofika mwisho kabisa wa pafu. Mafuta ya chipsi yaliyorudiwa mpaka yamekuwa meusi yanaanza kutoa moshi mapema na humo kuna hewa inayochoma macho na koo. Pilipili ikigusa karai ya moto jiko zima linapiga chafya. Waoka mikate nao wana pumu yao ya unga inajulikana miaka na miaka. Na siyo pumu peke yake, inaweza kuwa mkamba, na bi mkubwa wako anayekohoa kila asubuhi mimi ananitia wasiwasi kuliko wewe, maana miaka yote hiyo inaweza kuwa imeshaleta ule ugonjwa sugu wa mapafu ambao kilichoharibika hakirudi. Mwambie kwa heshima kwamba mapafu hayajawahi kuzoea moshi, aliyezoea ni yeye. Mama yangu alikaanga mihogo barabarani miaka ishirini tukakiita kikohozi chake "saa ya alfajiri", tulikuwa tunaamkia shule nacho, na mimi nesi nilikuja kukielewa nimeshachelewa.

Hospitali muombe daktari kipimo cha kupuliza, kinaitwa spirometri, hospitali ya wilaya wakiwa hawana wakupe rufaa. Na kuna kibomba kidogo cha mkononi cha kupima nguvu ya pumzi, siyo ghali sana, ukikipata puliza ukiamka, ukiwa kazini, ukirudi na kabla ya kulala, andika kwenye daftari wiki kama nne pamoja na Jumanne zako. Namba zikishuka siku za kazi na kupanda ukiwa mbali, huo ni ushahidi hakuna meneja wa kuucheka. Hata bila kibomba andika tu usiku gani ulibanwa na mchana wake ulifanya nini.

Ikithibitika ni pumu, pampu ya bluu inafungua mirija ila uvimbe inauacha palepale, ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya pumu tangu 2019 haitaki mtu mzima aishi kwa ile ya bluu tu. Utahitaji ya kuvuta yenye steroidi kidogo, na usiogope neno, dozi yake ni ndogo mno ukilinganisha na ile sindano ya deksa, ambayo nayo ni steroidi, na inakwenda moja kwa moja kifuani, sukuta mdomo ukimaliza. Wengi wanaipuliza inaishia kwenye ulimi. Muulize nesi akuoneshe kuivuta kwa kupitia chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako, inasaidia sana na haina gharama. Deksa usichomwe tena mtaani.

Maziwa kunywa, yana lishe, mimi nayapenda, lakini yanaenda tumboni mwanangu, mapafuni hayana njia na yakipata njia utakuwa unapaliwa. Hii imani imeenea viwandani na kwenye machimbo na wenye mali wanaipenda kwa sababu pakiti ya maziwa ni rahisi kuliko mota ya ekzosti. Barakoa nazo, ile ya kitambaa haizuii chembe za moshi, N95 inazuia chembe ila hewa ya sumu inapita, na masaa kumi na mbili mbele ya mkaa sijui nani ataivumilia.

Hewa ya sumu nimeitaja sababu ya yule dogo wa viazi. Mtoto hakuwa na njaa. Mkaa ukiungua sehemu isiyo na hewa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi, na mkaa uliokolea vizuri usio na moshi hata kidogo ndo huo huo unaitoa kwa wingi, kwa hiyo usipimie kwa macho. Kichwa, kizunguzungu, kutapika, ukitoka nje unapata nafuu, hiyo ndiyo yenyewe. Mngechelewa mngemkuta amelala hapo kwenye viazi na asiamke. Mvua ikinyesha msifunge lile dirisha, hamisheni makarai, wekeni kipande cha bati kwa nje, chochote, na kama haiwezekani mkaa uzimwe siku hiyo na mkaange kwa gesi.

Na jiki na dawa ya chooni msichanganye tena, hata Jumapili hii. Zile za chooni nyingi zina asidi, ikikutana na jiki inatoka gesi ya klorini, hiyo hiyo iliyotumika kuua watu kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Siyo kwamba mnakohoa kwa sababu usafi umekolea. Sabuni na maji ya moto vinatoa mafuta, jiki ipite baadaye peke yake na milango wazi.

Kuhusu bosi, usiende peke yako na usiende siku ya Ijumaa. Nenda na bi mkubwa na dogo, asubuhi kabla mkaa haujawashwa, na msiongelee mapafu kwanza, ongeleeni pesa. Ile ekzosti iliyokufa imejaa mafuta yaliyoganda, cheche moja ikipanda humo mgahawa wote unaondoka, muulize kama bima yake inajua hilo. Mota anunue, chujio zioshwe kila wiki, na hewa iwe na pa kuingilia maana feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna nyingine inayoingia, kwa hiyo stoo itobolewe dirisha. Msije mkakubali feni ya mezani, hiyo inachukua moshi wa kwako inampelekea bi mkubwa. Halafu mpe wazo ambalo ningekuwa yeye ningelikumbatia, majiko ya mkaa yatoke nje mbele chini ya kibanda. Kuku anayechomwa barabarani anajitangaza mwenyewe, harufu inavuta mpaka aliyekuwa anapita na bajaji, na nusu ya tatizo lako inaishia hapo. Chipsi nazo mafuta yasizidi nyuzi 180 na yakianza kutoa moshi yamwagwe, hiyo mnaweza kuanza kesho bila ruhusa ya mtu.

Akicheka tena, kuna sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana wakaguzi, na kupima afya za wafanyakazi ni jukumu la mwajiri siyo hisani yake. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unahusu pia magonjwa yanayotokana na kazi, na mchango wake analipa mwajiri peke yake, kwenye mshahara wako haukatwi. Kukosa karatasi ya mkataba hakukufanyi usiwe mfanyakazi, miaka minne unaripoti kwake, unatumia vifaa vyake, analipa yeye, sheria inakutambua, kwa hiyo tunza meseji za malipo na picha za zamu. Likizo ya ugonjwa yenye malipo ipo, siku 126 ndani ya miezi 36, nusu yake mshahara kamili na nusu ya pili nusu mshahara, ila utahitaji cheti cha daktari. Akikufukuza una siku 30 za kupeleka malalamiko CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, usikae miezi miwili unalia nyumbani. CHODAWU ndo chama cha watu wa mahoteli na migahawa, waulizeni, na mkienda sita ni tofauti na ukienda mmoja.

Niache kazi? Mimi sikwambii uache leo, una mke mjamzito na mkono wako unauza. Lakini kama umepimwa, umepata dawa sahihi, koili umeacha, na miezi miwili imepita ekzosti haijafungwa na daftari lako linaonesha unazidi kushuka, basi tafuta pengine pa kuchomea, mchomaji anayefuatwa toka Tabata hakosi pa kwenda, na huko unakokwenda kabla hujauliza mshahara angalia juu ya jiko. Ukikosa pumzi ya kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au ukikohoa damu, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo.

Majibu ya makohozi yakitoka niandikie. Na ile pampu ya bluu mrudishie mwenzio leo, ununue au upewe ya kwako, maana naye ana pumu na anaweza kubanwa usiku huu akaitafuta chini ya mto asiione.